Kadi ya Biashara Isiyofanana na Nyingine

Mchoraji wa kadi za biashara akiambiwa abuni kitu kisicho cha kawaida, mara nyingi hukimbilia umbo: kadi ya duara, kadi yenye matundu, kadi iliyokunjwa mara tatu. Akiwa Gitega, huenda akaongeza ngoma, kwa kuwa Gishora yenye ngoma za kifalme iko jirani na UNESCO iliiingiza ngoma ya Burundi katika orodha yake ya urithi mwaka 2014. Tatizo ni kwamba ngoma inamtambulisha Mrundi yeyote, iwe ni muuza simu au daktari wa meno. Upekee wa kadi hauna budi kutoka katika kazi yenyewe. Fundi cherehani akichapa mistari ya sentimita ukingoni, mteja anabaki na rula ya sentimita nane mfukoni. Muuza mbegu anaweza kuweka nyuma kalenda ya misimu ya kilimo: A unaoanza Septemba, B wa Februari, na C wa mabondeni wakati wa kiangazi. Kadi ya namna hiyo haitupwi, maana ina kazi hata siku ambayo mteja hana haja ya kununua.

Muyinga, mji mwingine wa Burundi, kuna mfano mzuri wa upekee wa aina hiyo, ingawa ni wa jengo. Maktaba ya shule ya watoto viziwi, iliyokamilika mwaka 2012 chini ya wasanifu wa BC Architects wa Ubelgiji, ilijengwa kwa matofali ya udongo wa hapohapo yaliyoshindiliwa bila kuchomwa, na ndani ukatundikwa wavu mkubwa wa kamba za katani ambamo watoto hujilaza na kusoma. Jengo hilo limepata sifa nje ya nchi kwa sababu halifanani na la mahali pengine popote, na sura hiyo imetokana na udongo wake na mahitaji ya watoto wake. Seremala wa mji huohuo naye ana mabaki ya mbao karakanani. Kipande chembamba kilichopigwa msasa na kugongwa muhuri kinaonyesha ustadi wake kuliko picha ya kiti iliyochukuliwa mtandaoni.

Halafu kuna anwani, sehemu ambayo wabunifu wengi huipuuza. Mgawanyo mpya wa utawala ulioanza kutumika mwaka 2025 umepunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5, na Muyinga sasa imo katika mkoa wa Buhumuza. Kadi yenye maneno “Mkoa wa Muyinga” imepitwa na wakati, lakini soko halikuhama, wala barabara ya kwenda mpakani Kobero. Ramani ndogo inayoanzia sokoni ingedumu zaidi, na maelezo ya Kiswahili kando ya Kirundi na Kifaransa yangemfaa dereva anayeingia kutoka Tanzania.

Wapo watakaosema simu imeshaua kadi. Ni kweli kwamba namba huhifadhiwa haraka, ila huzama katikati ya mamia ya majina, na simu haionyeshi mbao wala kipimo cha nguo. Anayetaka vyote viwili achape msimbo wa QR, uliobuniwa Japani mwaka 1994, mradi namba isomeke pia kwa macho. Hoja ya gharama ina uzito zaidi: kukata maumbo ya ajabu ni ghali, na kadi isiyoingia kwenye pochi hupotea. Ndiyo sababu ya kubaki na milimita 85 kwa 55, karibu sawa na kadi ya benki, na ubunifu ukaelekezwa kwenye maudhui na malighafi. Muhuri wa mpira na makatoni yaliyobaki dukani vinatosha kuanzia.

Kabla ya kumlipa mchapaji, mpe nakala moja mtu asiyekujua, umwombe aseme unauza nini na dukani kwako kunafikwa vipi. Akishindwa, usichape.