Ngumi Isiyofunguka

Baridi ya Juni Sumbawanga haina adabu. Siku ya kliniki watoto hufika mgongoni mwa mama zao wamevikwa kofia za sufu na masweta mawili mawili, juu yake blanketi. Nesi akitazama foleni, kisha akitazama dirisha lisilofunga vizuri, humhurumia mtoto, akampima na nusu ya nguo zake. Kilo zinaandikwa kwenye kadi, mtoto anarudi mgongoni. Uzito huo si sahihi, lakini hilo ndilo kosa dogo. Kubwa ni kwamba mtoto hakufunguliwa, kwa hiyo hakuna aliyeona kuwa ngumi yake ya kushoto haifunguki.

Kichanga kukunja ngumi ni kawaida. Kufikia mwezi wa tatu au wa nne vidole huanza kuachia, mtoto akavitazama, akavitia mdomoni. Ngumi ikiendelea kukaza baada ya hapo, hasa ya upande mmoja, ni jambo la kufuatilia. Ishara nyingine hupokewa nyumbani kwa furaha: mtoto wa miezi minane anashika kila kitu kwa mkono wa kulia tu. Bibi anashukuru kwamba mjukuu hatakuwa wa mashoto kama babu yake. Lakini kwa kawaida mtoto hutumia mikono yote miwili bila kubagua hadi avuke mwaka. Anayechagua mapema mara nyingi hajachagua. Ule mwingine haumtii. Huenda ni mtindio wa ubongo wa upande mmoja, na miguu bado haijaanza kuuonyesha.

Wazazi wengi husubiri miguu. "Hata baba yake alichelewa kutembea," husemwa, na mara nyingi ni kweli, kwa sababu ukawaida una uwanja mpana. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya njema wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na mwaka 2006 likatoa vipimo vyake: kukaa bila kushikiliwa huja kati ya miezi 4 na 9, kutembea peke yake kati ya miezi 8 na karibu 18. Wapo, kama 4 katika kila 100, ambao hawakutambaa kwa mikono na magoti kabisa, na hawakuwa na tatizo. Basi asiyetambaa asitutishe, ila asiyekaa akiwa na miezi kumi aonwe. Aliyezaliwa njiti huhesabiwa umri tangu tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa; bila hivyo tutamwita mchelewaji kwa kosa letu la hesabu.

Mambo mawili hayangoji kliniki ijayo. La kwanza ni mtoto kupoteza alichokuwa nacho: alisema "mama", sasa hasemi; alikaa, sasa anaanguka. La pili ni kichanga kujikunja ghafla, kichwa mbele na mikono ikiruka, mara nyingi mfululizo, hasa anapoamka. Watu hulidhania chango, wakampaka mafuta tumboni. Linaweza kuwa aina ya kifafa inayoharibu ubongo kila siku inayopita. Mwenye simu amrekodi video na kwenda nayo, kwa sababu mbele ya daktari mtoto atalala kama malaika.

Hapa Rukwa kuna jambo linalotuvuruga zaidi, nalo ni udumavu. Mkoa unauza mahindi kwa wenzake, lakini utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa, baada ya asilimia 56 mwaka 2015/16. Matokeo yake, mtoto mdogo kwa umbo hamshangazi mtu, na akichelewa kukaa jibu liko tayari: mpe uji wa lishe. Wengine kweli wanahitaji uji. Lakini yupo anayekonda kwa sababu hawezi kumeza. Misuli ya koo haishirikiani, na analishwa akiwa amelala chali. Anakohoa kila kijiko, kila mwezi ana nimonia. Huyu uji peke yake haumtoshi, tena ukimpitia njia ya hewa humdhuru.

Ndiyo maana nina ugomvi na barua ya rufaa yenye maneno mawili: "uchunguzi zaidi". Mama ametoka Mtowisa, kwenye bonde la Ziwa Rukwa, amepanda ukingo hadi mjini. Matibabu ya mtoto wa chini ya miaka mitano ni bure katika vituo vya serikali, nauli si bure. Akiambiwa aendelee hadi hospitali ya kanda Mbeya, ni zaidi ya kilomita 300 nyingine. Karatasi iliyomgharimu kiasi hicho inatakiwa iseme umri kwa miezi, alizaliwa wiki ya ngapi, alilia papo hapo au alisaidiwa kupumua, kama alipata manjano makali au degedege, anaweza nini leo, nani amepima kusikia na kuona kwake. Na iseme arudi lini kwa yule yule aliyemtuma. Rufaa isiyo na tarehe ya kurudi ni kwaheri.

Mama naye anajua watu watasema nini kijijini. Wageni hupenda kutania jina la mji wetu, linaloelezwa kuwa na maana ya "tupa uchawi", kana kwamba ni sisi tu tunaotafuta aliyeroga. Kwa mama mwenye mtoto asiyekaa utani huo hauchekeshi. Shutuma mara nyingi huanzia kwa mawifi. Mtoa huduma akisema mbele ya baba na bibi kwamba ubongo ulikosa hewa wakati wa kuzaliwa, iwapo ndivyo ilivyokuwa, huwa ameanza kutibu.

Jina la ugonjwa lisisubiriwe ndipo kazi ianze. Samaki mkunje angali mbichi: methali hii tunaitumia kwa adabu, lakini kwa misuli ni kweli neno kwa neno, kwani iliyokaza hufupika kadiri mifupa inavyorefuka. Wala si misuli tu. Kingston, Jamaika, watafiti waliwafuata watoto 129 waliodumaa, wa miezi 9 hadi 24. Baadhi walitembelewa nyumbani kila wiki kwa miaka miwili na wahudumu wa afya wa kawaida, waliomfundisha mama kucheza na mtoto kwa vitu vya nyumbani. Walipofika miaka 22, waliochezewa walikuwa na kipato cha robo zaidi ya wenzao waliodumaa ambao hawakupata michezo ile. Tanzania ina programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, yenye jina refu kuliko mtoto mwenyewe. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaoingia kila kaya ndio wanaoweza kuifanya ifike Mtowisa.

Siku ile ile ya rufaa, kabla mama hajafunga tena blanketi, nesi ana dakika kumi. Atandike khanga ndani ya beseni, ajaze nguo pembeni, amkalishe mtoto wima, kidevu kimeinama kidogo.

"Mlishe hivi, mama. Kijiko kidogo, ukae mbele yake, umtazame. Na kitu cha kuchezea ukiweke upande wa mkono mvivu."

"Akikataa, nesi?"

"Subiri kidogo, umwite jina. Jumanne ya wiki ya tatu njoo unionyeshe, na baba yake aje."