Kitabu cha Kibiti ambacho bado hakijaandikwa

Jioni ya tarehe 23 Agosti 2016, askari polisi wanne waliuawa kwa risasi nje ya tawi la Benki ya CRDB pale Mbande, Dar es Salaam, wakiwa katika kubadilishana lindo. Siku chache baadaye, polisi waliokuwa wakiwasaka watuhumiwa walijibizana nao kwa risasi huko Vikindu, wilayani Mkuranga, na ofisa mmoja wa polisi akapoteza maisha. Kwa sisi wakazi wa Chamazi hiyo haikuwa habari ya mbali. Mbande ni huku huku kwetu, mwendo mfupi wa daladala, na Vikindu ni jirani wa upande wa pili.

Kisha mauaji yakasikika kusini zaidi, kando ya Barabara ya Kilwa: Mkuranga, Kibiti, Rufiji. Waliouawa walikuwa watendaji wa vijiji, wenyeviti wa vitongoji, makada wa chama tawala na askari. Tarehe 13 Aprili 2017, askari 8 waliuawa kwa mkupuo mmoja huko Kibiti. Je, damu ya Mbande na ile ya Kibiti ilimwagwa na mkono mmoja? Nani aliwatuma wauaji, kwa lengo gani, na ilikuwaje mambo yakanyamaza kama yalivyonyamaza? Miaka imepita, na mwananchi wa kawaida hana mahali pa kusoma kisa hicho kikiwa kamili, tangu mwanzo hadi mwisho.

Aliyekuwa karibu kabisa na majibu hayo alikuwa Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyeliandikia gazeti la Mwananchi akiwa Kibiti. Katika siku ambazo watu walikuwa wakihama nyumba zao usiku, yeye aliendelea kuandika kuhusu mauaji hayo, akiwa anaishi pale pale na familia yake. Asubuhi ya tarehe 21 Novemba 2017 alifika shambani alikokuwa mkewe, ndani ya gari jeupe aina ya Land Cruiser, akiwa na watu ambao mkewe hakuwafahamu. Akauliza funguo za nyumba ziko wapi, akasema anasafiri na atarudi kesho yake. Mkewe alikuwa mjamzito. Azory hajaonekana tena. Julai 2019, Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati huo, Palamagamba Kabudi, aliiambia BBC kwamba Azory alipotea na kufa, kisha ikaelezwa kwamba waziri hakueleweka vizuri. Familia haikupewa kaburi wala maelezo.

Nimeyarudia haya kwa sababu moja. Habari alizoandika Azory zilitoka gazetini siku moja moja, kwa aya chache chache, na gazeti la jana hufungiwa maandazi. Mwandishi wa uchunguzi hukusanya mengi kuliko yale yanayochapishwa: majina, saa, njia, minong'ono aliyoithibitisha na ile aliyoitupa. Hayo yote yanahitaji kitabu. Bila kitabu, mwandishi akiondoka anaondoka nayo.

Ujerumani yuko mwandishi aliyeelewa jambo hili mapema. Günter Wallraff, aliyezaliwa mwaka 1942 karibu na jiji la Cologne, aliingia mwaka 1977 katika gazeti la Bild kwa jina la uongo, akafanya kazi humo, kisha akaandika kitabu kueleza jinsi habari zilivyokuwa zikipikwa. Kuanzia 1983 alijigeuza kibarua wa Kituruki aliyeitwa Ali: akavaa nywele za bandia na lenzi za kuyatia macho yake weusi, akasafisha vumbi katika viwanda vya chuma vya Thyssen huku mawakala wakimnyonya kama walivyowanyonya vibarua wengine. Kitabu chake, Ganz unten, kilitoka 1985 na ndani ya miezi michache nakala zaidi ya milioni 2 ziliuzwa. Mamlaka zikaanza kuwachunguza mawakala wa vibarua.

Zipo njia za Wallraff ambazo mtu anaweza kuzihoji, maana kuwadanganya watu ili kupata ukweli si jambo dogo. Lakini liko moja ninalolistahi bila shaka yoyote: kitabu hicho kilitafsiriwa pia kwa Kituruki. Kibarua aliyekuwa anavuta vumbi lile aliweza kusoma habari zake mwenyewe kwa lugha ya mama yake.

Kwetu mambo yamekwenda vingine. Stan Katabalo wa gazeti la Mfanyakazi ndiye aliyefichua jinsi kitalu cha uwindaji cha Loliondo kilivyogawiwa kwa brigedia kutoka Umoja wa Falme za Kiarabu, katika utawala wa Rais Ali Hassan Mwinyi. Katabalo alifariki 1993. Mgogoro aliouanika uliendelea kuishi: Juni 2022 serikali iliweka mipaka katika kilomita za mraba 1,500 za Loliondo, kukatokea vurugu, na askari mmoja akauawa kwa mshale. Kijana anayetaka kuelewa kwa nini ilifika huko angepaswa kuanza na kazi ya Katabalo. Lakini aipate wapi, iwapo hana nauli ya kwenda mjini kufunua magazeti ya zamani maktabani?

Mwandishi wa habari Erick Kabendera alipata nafasi ya kuandika kitabu, ambayo Katabalo na Azory hawakuipata. Alikamatwa nyumbani kwake Dar es Salaam Julai 2019, akashtakiwa kwa makosa yakiwemo utakatishaji fedha, kosa ambalo halikuwa na dhamana, akakaa mahabusu miezi saba. Mama yake alifariki tarehe 31 Desemba mwaka huo, naye hakuruhusiwa kwenda kumuaga. Alitoka Februari 2020 baada ya kukiri makosa kwa makubaliano na upande wa mashtaka, na mwaka 2024 kikatoka kitabu chake, In the Name of the President. Mtu anaweza kuyakubali au kuyapinga yaliyomo, na hiyo ndiyo faida ya kitabu: kinashikika, kinajadilika. Tatizo langu ni kwamba kimeandikwa kwa Kiingereza. Kwenye meza za magazeti za Chamazi, watu husimama asubuhi kusoma vichwa vya habari na kubishana kuhusu Simba, Yanga na Azam. Hawa ni wasomaji kamili, na lugha yao ni Kiswahili.

Malighafi ya kitabu cha Kibiti ipo: kurasa za Mwananchi za 2016 na 2017, kumbukumbu rasmi za Bunge, na watu wa Mbande, Vikindu na Ikwiriri kule Rufiji wanaokumbuka kila usiku wa miezi ile. Kinachokosekana ni mshahara. Waandishi wengi wa mikoani hulipwa kwa habari iliyochapishwa, na hakuna anayeweza kukaa mwaka mzima juu ya kisa kimoja huku watoto wanadai ada.

Tunayo Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Mshindi wa kwanza hupata shilingi milioni 10, na kitabu chake huchapishwa na kupelekwa shuleni. Ilianza na riwaya na ushairi, ikaongeza hadithi za watoto. Naiomba taasisi hiyo iongeze na fungu la vitabu vya uandishi wa uchunguzi, kwa Kiswahili, na ilipe fungu hilo jina la Azory Gwanda.