Mavuno ya akaunti tupu

Mwaka 2006 benki za Uingereza zilikusanya pauni bilioni 2.6 kutoka kwa wateja ambao akaunti zao hazikuwa na kitu. Hesabu hiyo ilitolewa miaka miwili baadaye na Office of Fair Trading, ofisi ya serikali iliyosimamia ushindani wa haki wakati huo. Ilikuwa karibu theluthi ya mapato yote ya akaunti za kawaida za watu binafsi, yaliyofikia pauni bilioni 8.3. Hapo ndipo ilipo siri ya akaunti ya bure wanayojivunia Waingereza. Mwenye salio halipi ada ya mwezi, kwa kuwa yupo jirani yake aliyeishiwa anayemlipia.

Ovadrafti ni ruhusa ya kuchukua zaidi ya ulichoweka. Ipo ya makubaliano, ambayo mteja na benki wamepanga kiwango mapema. Ipo pia isiyo na makubaliano, pale bili ya umeme inapodaiwa kwenye akaunti tupu na benki ikailipa hata hivyo, au ikaikataa. Miaka ile vyote viwili vilitozwa, na ada ya mara moja ilifika hadi pauni 39 kwenye baadhi ya benki. Tuseme bili ya pauni 15 imekataliwa. Benki inakata ada, ada yenyewe inaizamisha akaunti zaidi, wiki inayofuata kodi ya nyumba inagonga ukuta, ada nyingine inakatwa. Mshahara unapoingia mwisho wa mwezi, sehemu yake imekwisha kuliwa kabla mwenyewe hajaugusa, na mwezi mpya unaanza na pengo lilelile.

Kati ya 2006 na 2007 wateja walichoka. Kwa pauni 10 tu, sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi iliwaruhusu kudai kumbukumbu zao zote benki. Wakajumlisha ada za miaka sita, wakaandika barua, wakafungua madai katika mahakama za madai madogo. Hoja yao ilikuwa nyepesi: kukataa malipo hakuigharimu benki chochote kinachokaribia pauni 39. Benki nyingi zililipa kimyakimya badala ya kusimama mbele ya hakimu na kueleza gharama zao, jambo ambalo kwa maoni yangu lilisema mengi kuliko hukumu yoyote.

Hukumu ilipokuja, iliwaangusha wateja. Julai 2007 Office of Fair Trading ilipeleka kesi ya mfano dhidi ya taasisi nane, zikiwemo Barclays, HSBC, Lloyds TSB na Abbey National, na madai mengine yakasimamishwa kuisubiri. Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa ziliipa ofisi hiyo ushindi. Novemba 25, 2009 majaji watano wa Mahakama ya Juu, chombo kilichokuwa na umri wa wiki chache tu, waligeuza mambo. Walisema ada hizi ni sehemu ya bei ya huduma nzima ya akaunti, na kanuni za mikataba isiyo ya haki hazikuiruhusu ofisi hiyo kupima kama bei inalingana na kinachotolewa. Watu wengi wakadhani mchezo umekwisha.

Haukuwa umekwisha, ila uwanja ulibadilika. Swali la kama ada ni kubwa mno lilifungwa. Lililobaki ni jinsi benki ilivyomtendea mteja iliyemwona wazi kuwa amekwama. Kila benki nchini Uingereza inapaswa kumtendea kwa haki mteja aliye katika dhiki ya fedha. Ikiwa taarifa za akaunti zinaonyesha mshahara umekatika, ovadrafti haijawahi kurudi juu ya sifuri kwa miezi mingi, na kila kinachoingia kinamezwa na riba na ada, benki haiwezi kusema haikujua. Kitabu kilikuwa mkononi mwake.

Malalamiko ya namna hii yakishindikana benki huenda Financial Ombudsman Service, ofisi huru ya usuluhishi ambayo haimtozi mlalamikaji hata senti. Benki ina wiki nane za kujibu. Ikishatoa jibu la mwisho, mteja ana miezi sita ya kwenda huko. Wasuluhishi huangalia hasa nyakati ambazo benki ilihuisha ovadrafti, kwa kawaida kila mwaka, na kuuliza: siku hiyo, mtu anayesoma akaunti hii kwa uaminifu angeongeza muda, au angesimamisha riba na kumwita mteja wazungumze? Wakiona ilipaswa kusimama, riba na ada za tangu siku hiyo hurudishwa. Fedha hizo kwanza hupunguza deni lililobaki. Kinachozidi ndicho humfikia mteja, mara nyingi pamoja na riba. Anayetarajia hundi nono akiwa bado anadaiwa atavunjika moyo.

Mdhibiti wa sasa, Financial Conduct Authority, aligundua kwamba mwaka 2016 zaidi ya nusu ya ada za ovadrafti zisizo na makubaliano zilitoka kwa asilimia 1.5 tu ya wateja. Tangu Aprili 2020 ada za mkupuo zimepigwa marufuku, na bei ya ovadrafti lazima itajwe kama riba moja ya mwaka, isiyo kubwa zaidi kwa asiye na makubaliano. Benki zikajibu kwa kupandisha riba hadi karibu asilimia 40, nyingi zikifuatana kama kondoo. Aliyekuwa akikopa kidogo kwa makubaliano akajikuta analipa zaidi, huku mnyonge kabisa akipata nafuu. Nadhani mabadilishano hayo yalikuwa ya haki.

Pembeni mwa biashara hii imeota nyingine, ya makampuni ya kudai kwa niaba yako. Kwa madai madogo yanaweza kuchukua hadi asilimia 30 ya kinachopatikana, kwa kazi ya kuandika barua ambayo mteja anaweza kuiandika mwenyewe jioni moja. Msomaji aliye Leicester au London asikubali.

Nchini Kenya nako, ovadrafti imehamia kwenye simu. Fuliza, iliyoanza Januari 2019 kwa ushirikiano wa kampuni ya simu ya Safaricom na benki za CBA (sasa NCBA) na KCB, hutoza asilimia 1 ya kiasi kilichokopwa na ada ya kila siku hadi deni lilipwe. Ada ya kila siku ilipunguzwa Oktoba 2022. Kwenye mikopo ya kawaida ya benki, Mkenya ana silaha kali kuliko anavyodhani. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kinachotumika tangu 2007, kinasema mkopo ukishaharibika, riba inayodaiwa baada ya hapo isizidi deni la msingi lililokuwapo siku ulipoharibika. Kifungu cha 44 kinaizuia benki kupandisha ada zake bila idhini ya waziri, na Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya benki ya Stanbic na kampuni ya Santowels, iliamua kwamba riba nayo imo.

Waingereza walishindwa mahakamani lakini wana ofisi ya bure ya kulalamikia. Kenya imeshinda mahakamani, na anayetozwa kupita kiasi bado anahitaji wakili, mtaalamu wa kukokotoa riba na miaka ya kusubiri. Bunge liunde ofisi huru ya usuluhishi wa fedha yenye mamlaka ya kuamuru benki irudishe, na igharamiwe na benki zenyewe.