Mgeni njoo, mwenyeji apone

WAHENGA walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hunijia kila nisikiapo kwamba klabu kubwa ya raga nchini Australia imefunga virago na kwenda kucheza mechi ya ligi katika mji mdogo wa mashambani. Mgeni hulakiwa kwa vifijo na nderemo. Swali langu ni hili: je, mwenyeji hupona?

Raga ninayoizungumzia si ile ya wachezaji 15, wala si ile ya wachezaji saba tuliyoizoea hapa Kenya. Ni raga ya wachezaji 13, ambayo chimbuko lake ni mgawanyiko uliotokea Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1895. Vilabu vya huko vilitaka kuwafidia wachezaji wao, wengi wao wakiwa vibarua wa viwandani na migodini, ujira waliopoteza walipoacha kazi kwenda uwanjani. Wakuu wa mchezo walikataa katakata, vilabu vikajitenga. Mwaka 1908 ligi ya mchezo huo ilianza mjini Sydney, kisha mchezo ukaenea hadi miji ya wakulima, wafugaji na wachimba makaa katika jimbo la New South Wales.

Huko mashambani ulishika mizizi. Kwa nusu karne, kuanzia 1920 hadi 1971, miji kama Tumut, Gundagai, Young na Cootamundra iliwania Kombe la Maher. Aliyelishika alimpokea mpinzani nyumbani kwake, na aliyemshinda aliondoka nalo. Mwaka 1974 timu ya eneo la magharibi mwa jimbo hilo, watu wa miji midogo, iliilaza Penrith, klabu ya viungani mwa Sydney, kwa pointi 6-2 katika fainali ya Kombe la Amco. Laurie Daley, aliyekuja kuwa nahodha wa Australia, alitoka Junee. Andrew Johns, mmoja wa magwiji wakubwa wa mchezo huo, alitoka Cessnock, mji wa makaa ya mawe. Mashambani, basi, si ombaomba anayengoja makombo ya jiji. Ndiko kwenye kisima ambacho jiji limechota kwa zaidi ya karne moja.

Lakini kisima kisichotunzwa hukauka. Mashine zilichukua kazi za shambani, vijana wakahamia mijini, na vilabu vingi vidogo vikalazimika kuungana au kufa. Hata ile mechi mashuhuri baina ya wachezaji wa jiji na wa mashambani ilichezwa kwa mara ya mwisho mwaka 2017, mjini Mudgee. Sasa matumaini yamewekwa katika mechi za ligi zinazopelekwa Bathurst, Mudgee, Dubbo, Wagga Wagga na Tamworth. Penrith ile ile iliyolazwa 1974 ilianza mwaka 2014 kupeleka mechi yake Bathurst, mji wa eneo lile lile lililoilaza!

Sisemi kwamba ziara hizi hazina faida. Hoteli hujaa, wafanyabiashara hutabasamu, na uwanja hupata sababu ya kukarabatiwa. Zaidi ya yote, mtoto ambaye shujaa wake alikuwa picha tu ya televisheni humwona akitokwa jasho hatua chache mbele yake. Mwaka 2021 watoto wa Dubbo waliishuhudia Penrith ikiicharaza South Sydney 56-12. Kumbukumbu kama hiyo haipimwi kwa fedha.

Hata hivyo, fedha zipo, na aghalabu hutoka katika mfuko wa halmashauri ya mji, yaani kwa mlipa kodi. Mpira huchezwa kwa dakika 80, kisha mgeni hupanda gari akaenda zake. Jumapili ifuatayo timu ya mji hucheza katika uwanja ule ule mbele ya watazamaji wachache, pengine ikiwa imepungukiwa na wachezaji.

Wapo watakaonijibu kwamba klabu ya kulipwa ni biashara, si shirika la msaada. Sawa. Lakini hata mfanyabiashara hulitunza shamba linalomletea mazao. Wahenga hao hao walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe ninalolitaka ni hili: sehemu ya kiingilio ibaki kwa vilabu vya vijana wa mji, timu za shule zicheze kwanza katika uwanja huo, siku hiyo hiyo, nao makocha wa klabu wabaki siku kadhaa kuwafunza walimu ukufunzi na uamuzi wa mchezo. Najua wachezaji huzuru shule na kutia saini mipira. Ni jambo jema, lakini saini hufutika; mwalimu aliyefunzwa hufunza vizazi.

Nanyi walimu na wanafunzi wa hapa kwetu, msidhani haya ni ya Australia peke yake. Mashindano yetu ya raga ya wachezaji saba huzuru Nakuru, Kisumu na Mombasa, nasi hushangilia hadi sauti zikakauka. Tuendelee kushangilia. Ila mgeni anapofungasha virago, tujiulize ameacha nini katika uwanja wa shule iliyo jirani. Ikiwa ameacha vumbi tu, mwaka ujao tumpokee kwa heshima zote, huku jembe limeegemezwa mlangoni.