Mtoto Anapoenda Chuo Kikuu: Tumtayarishe Kabla ya Agosti



Mwezi huu tunataka kuongea juu ya jambo ambalo liko nyumbani kwetu kabisa. Matokeo ya S6 hutoka miezi ya mwanzo ya mwaka, na vyuo vikuu vingi vya serikali hapa Uganda hufungua Agosti. Katikati kuna kama miezi mitano. Sisi wakimbizi miezi hiyo tunaimaliza tukitafuta karo tu, mbio huku na kule, na siku ya safari ikifika mtoto anapanda gari na valizi moja na maombi yetu. Karo ni lazima, hatukatai. Lakini tumeona na watoto wenye karo wakirudi.

Kuna kijana mmoja wa kijiji chetu. Jina tunaliacha, ila yeye mwenyewe alikubali tueleze habari yake. Alienda Kampala kusoma. Mjomba wake aliyehamishiwa Marekani ndiye alikuwa anamtumia karo kwa simu, vipande vipande. Muhula wa kwanza ulienda vizuri. Muhula wa pili dada yake mdogo akalazwa hospitali, mama akapiga simu: "Papa, kama uko na kitu hapo, utusaidie." Akatuma. Baada ya wiki mbili akatuma tena kidogo, ya unga. Nani angekataa mama yake? Wakati wa mitihani ulipofika, karo haikuwa imetimia, na kule chuoni asiyemaliza karo hapewi kibali cha kuingia kwenye mtihani. Hakumwambia mjomba, hakumwambia mama, hakugonga mlango wa ofisi yoyote. Alifunga valizi. Alikaa kwa marafiki karibu na soko la Base Camp wiki tatu nzima, mpaka mama yake akasikia kwa watu kwamba mtoto wake yuko hapahapa.

Tulipokaa naye chini, tuligundua kitu kilichotuuma. Chuo kina njia kwa mtu aliyekwama. Mwanafunzi anaweza kuandika barua kuomba ruhusa ya kusimamisha masomo, kwa kawaida mwaka mmoja, kisha akarudi kuendelea pale alipoachia. Lakini lazima aombe kabla ya kuondoka. Akiondoka kimya, anahesabiwa kama mtu aliyeacha masomo, na nafasi yake inapotea. Yeye hakujua. Sisi pia hatukujua. Barua moja tu ya ukurasa mmoja.

Basi tuanze na makaratasi, kwa sababu huko ndiko wengi wanachelewa. Aliyesoma hapa Uganda mpaka S6 hana kazi kubwa. Lakini aliyekuja na diplome ya Kongo lazima ipelekwe UNEB, makao yao yako Ntinda, Kampala, ili ilinganishwe na masomo ya Uganda. Iko kwa Kifaransa, kwa hiyo itafsiriwe kwanza kwa Kiingereza na mtafsiri anayekubalika. Hii haiishi kwa siku mbili. Ukiacha mpaka Julai, umeshachelewa. Na aliye na karatasi ya shule tu, ambaye diplome yenyewe ilibaki Bukavu au Goma, aanze kuitafuta leo kupitia ndugu waliobaki huko. Piga picha ya kila karatasi, zitume kwa barua pepe yako mwenyewe, mvua ya Nakivale tunaijua.

Kitambulisho cha mkimbizi mtoto asafiri nacho, na jina lake lisomeke sawasawa na lile la kwenye cheti cha shule. Herufi moja ikitofautiana inaweza kumrudisha kwenye foleni. Kutembea ni haki yetu, sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu. Ila wakati wa uhakiki mtu anatakiwa kuonekana kwa macho na kwa vidole, kama ilivyokuwa uhakiki mkubwa wa 2018. Kwa hiyo mzazi, ukisikia tangazo la uhakiki, mpigie mtoto siku ileile. Nauli ya kuja ni afadhali kuliko jina kuzimwa.

Juu ya ufadhili tuseme kwa ufupi. Ule unaoitwa DAFI ulianza 1992 kwa pesa za serikali ya Ujerumani, na huwa unalipa karo na kusaidia chakula na mahali pa kulala. Nafasi ni chache kuliko waombaji. Ukitangazwa, utaona kwenye mbao za matangazo. Fomu haiuzwi. Huduma za UNHCR ni bure, na mtu yeyote anayekuomba "ya soda" ili aweke jina lako juu, huyo ni mwizi.

Sasa pesa na chakula, na hapa tutakaa kidogo.

Mtoto wetu amekulia kwenye nyumba ambayo mama ndiye anapima unga. Siku ya kwanza hosteli anashika pesa ya mwezi mzima mkononi. Wiki ya kwanza anakula roleksi asubuhi na jioni, anamnunulia na mwenzake, anaonekana mtu. Wiki ya tatu anakula kikomando, ile chapati iliyokatwakatwa na maharage, mara moja kwa siku. Wiki ya nne analala. Darasani hasikii kitu kwa sababu tumbo linaongea kuliko mwalimu.

Dawa yake ni kumzoeza hapa nyumbani. Familia moja ya Rubondo ilifanya hivi na sisi tukaiga: mwezi mmoja kabla ya safari, mtoto alipewa pesa ya chakula cha nyumba nzima ya wiki, akaambiwa asimamie. Wiki ya kwanza pesa iliisha Alhamisi, wakala sombe bila mafuta mpaka Jumapili. Watu walinung'unika sana! Wiki ya pili ilifika Jumamosi. Na wavulana nao wajifunze kupika. Tunajua baba wengine watatucheka, lakini kijana mwenye sigiri yake, sufuria mbili, na anayejua kupika maharage ya siku mbili, anakula kwa pesa ndogo sana kuliko anayenunua kila kitu barabarani. Kwanza aulize kama hosteli inaruhusu mkaa, nyingine zinakataza.

Tena wazazi, tuongee ukweli. Tangu 2023 mgao wa chakula ulipopangwa kwa makundi, na 2025 familia nyingi zilipoondolewa kabisa, tunamtazama mtoto wa chuo kama mtu aliye na pesa. Pesa ya karo siyo yake na siyo yetu. Mama wa yule kijana alituambia, "Mimi ndiye nilikula mtihani wa mutoto wangu, na sikujua." Tunaomba karo, kama inawezekana, ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, isipitie kwenye simu ya mtoto. Shida ya nyumbani ikitokea, mpigie mjomba mwenyewe umweleze. Usimpitie mwanafunzi.

Masomo yenyewe yana desturi yake. Muhula ni kama wiki 17 pamoja na mitihani. Hakuna mwalimu wa kukufuata kitandani. Alama hazingoji mwisho: kazi za katikati ya muhula mara nyingi zinachukua 30 au 40 kwenye 100, na vyuo vingi wanataka 50 ili upite. Aliyesoma kwa Kifaransa aanze sasa kusikiliza redio ya Kiingereza na kuandika anachosikia, na kutafuta mahali pa kugusa kompyuta.

Kitu cha mwisho ni aibu. Ripoti ya elimu ya UNHCR ya 2023 ilisema ni wakimbizi 6 tu katika 100 wanaofika elimu ya juu. Kwa hiyo mtoto wako anaweza kuwa peke yake darasani, na wengi wanaficha kwamba wametoka kambini. Kuficha siyo dhambi, lakini asimfiche kila mtu. Wiki ya kwanza atafute ofisi ya msimamizi wa wanafunzi, ajue mlango uko wapi na nani anakaa humo. Na nyumbani tuwe na siku moja ya simu kila wiki, siku ambayo hatuombi kitu. Tunauliza tu: umekula? umelala? nani rafiki yako?

Yule kijana anajaribu tena Agosti hii, safari hii Mbarara, na anaanza mwaka wa kwanza upya. Mama yake amemwekea sigiri na blanketi. Mfukoni mwa valizi yeye mwenyewe ameweka barua ya kuomba kusimamisha masomo, imeandikwa tayari, imebaki tarehe tu. Mama hakupenda kuiona. Ameiacha humo.