Nakala Isiyosomwa

Katika msitu wa Ituri nchini Kongo (DRC), karibu na Epulu, mti wenye unene wa sentimita 1 unatosha kupewa namba yake. Kazi hiyo ilianza mwaka 1994, mtafiti Terese Hart na wenzake walipotenga hekta 40 ndani ya Hifadhi ya Okapi: 20 kule Edoro, penye msitu mchanganyiko, na 20 kule Lenda, ambako mti wa mbau umetawala. Kila shina hupimwa kipenyo kwenye kimo cha mita 1.3, na baada ya miaka kadhaa mpimaji huurudia mti uleule. Umuhimu wa kazi yote uko kwenye huko kurudi. Ukikipoteza kipimo cha 1994, cha leo hakiwezi kukuambia mti umenenepa au umedumaa, wala hutajua ni mingapi imekufa bila kuacha alama.

Corneille Ewango alilijua hilo vizuri. Aliongoza kazi ya mimea pale Epulu miaka ya vita, wengi walipokuwa wamekimbia, akabaki akificha mimea iliyokaushwa, kompyuta na data za utafiti zisiporwe. Mwaka 2005 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Hatari haikuishia kwenye miaka hiyo ya vita: tarehe 24 Juni 2012 kundi lenye silaha la Mai-Mai, lililoongozwa na Morgan, lilikivamia kituo cha Epulu, likaua watu, wakiwemo askari wa hifadhi, likaua na okapi waliokuwa wakitunzwa pale, likapora na kuchoma. Mahali kama hapo, suala la nakala za akiba si la mafundi wa kompyuta peke yao.

Mimi naamini data za namna hii zinastahili kuwekwa kwenye tepu. Tepu moja ya LTO-8, yaani kizazi cha nane cha tepu za kompyuta za aina ya LTO, hubeba terabaiti 12 kwenye utepe wa mita 960, na ikishatolewa kwenye mashine haihitaji umeme, wala kirusi cha kompyuta hakiifikii. Unaitia mkobani na kuondoka nayo. Lakini isikae Epulu. Tepu ya kuhifadhiwa muda mrefu inataka hewa yenye unyevu usiozidi asilimia 50 hivi, na hewa ya msitu wa mvua haiko hivyo. Iandikwe na kutunzwa mjini, kwenye chumba kikavu, mbali na barabara ambayo wenye silaha hupitia.

Hapo ndipo swali linapoanza: utajuaje kwamba kweli imeandikwa? Programu ya kunakili itakuambia kazi imekamilika. Keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi kinachozungumza na vifaa moja kwa moja, ina hesabu yake yenyewe. Tangu toleo la 4.2 la mwaka 2015, keneli ya Linux imekuwa ikiweka takwimu za kila mashine ya tepu kwenye faili ndogo ndogo ambazo yeyote mwenye seva anaweza kuzifungua. Kwa mashine ya kwanza zipo /sys/class/scsi_tape/st0/stats. Kuna baiti zilizoandikwa, baiti zilizosomwa, idadi ya maombi ya kila aina, na muda uliotumika, kwa nanosekunde. Mwandishi wa programu Shane Seymour ndiye aliyeziingiza kwenye keneli, na programu ya tapestat huzisoma na kuzipanga kwa jedwali.

Hata bila tapestat, hesabu ni nyepesi. Soma faili ya write_byte_cnt, subiri sekunde 10, soma tena. Ikiwa mwanzo ilionyesha 5,000,000,000 na sasa inaonyesha 5,400,000,000, basi mashine imepokea megabaiti 40 kwa sekunde. Kwa LTO-8, inayoweza kumeza 360, hiyo ni njaa. Mashine ya tepu inaweza kupunguza mwendo, lakini ina kiwango cha chini isichoweza kushuka zaidi. Data zikija polepole kuliko hapo, utepe husimama, hurudi nyuma kidogo, kisha huanza tena, mara mamia, na kila mara kichwa na utepe vinalika. Mara nyingi kosa liko kwenye diski au mtandao unaoilisha mashine, huku mashine ndiyo inayolaumiwa na kubadilishwa. Faili hizo zinamwonyesha fundi aanzie wapi, kabla fedha ya mradi haijapotea kwa kifaa kipya kisichohitajika.

Lakini namba ninayoijali zaidi ni read_byte_cnt, ya baiti zilizosomwa. Ya kuandika inathibitisha tu kwamba mashine ilizipokea data. Kwamba zitarudi, haisemi. Seva ambayo namba yake ya kuandika inapanda kila wiki huku ya kusoma ikibaki karibu na sifuri, mwenye nayo hajawahi kujaribu kurejesha chochote. Na kwa kuwa hesabu hizi huanza upya seva inapowashwa upya, ni lazima ziandikwe pembeni kila siku. Programu fupi ya mistari michache inatosha. Bila kumbukumbu hiyo, umeme ukikatika mara moja tu, ushahidi wa mwezi mzima umeondoka.

Kusoma kuna tarehe yake ya mwisho pia. Mashine za LTO hadi kizazi cha saba zilisoma tepu za vizazi viwili vya nyuma. Ya nane inasoma za saba na za kwake tu. Aliyehifadhi kwenye LTO-5 na kununua LTO-8 ana tepu nzima, safi, na hana pa kuichomeka. Kwa hiyo ratiba ya hekta zile 40 iwe na mistari miwili: mwaka wa kuipima miti tena, na mwaka wa kuzisoma tepu zote hadi mwisho na kuzihamishia kwenye kizazi kipya, wakati mashine ya zamani ingali inawaka. Bajeti ya mstari huo wa pili iombwe pamoja na ya kwanza, kwa mfadhili yuleyule, kwenye andiko lilelile.