Mhindi si lazima awe Mhindu

Katika maduka ya jumla ya Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, wanunuzi wengi huchanganya maneno mawili: Mhindi na Mhindu. La kwanza hutaja asili ya mtu, la pili dini yake.

Mkanganyiko huo ni wa zamani. Neno Hindu limetokana na Sindhu, jina la mto ambao leo hupita hasa Pakistan. Waajemi waliwaita hivyo watu wa ng'ambo ya mto bila kuuliza wanaabudu nini. Mwaka 1923, V. D. Savarkar naye alishikilia kuwa Mhindu ni anayeihesabu India kuwa nchi ya baba zake na nchi yake takatifu.

Sheria ya ndoa ya Wahindu ya India ya mwaka 1955 haifungi mlango hivyo: humtambua hata aliyeingia dini hiyo ukubwani. Kisiwani Bali, Indonesia, wakazi wengi ni Wahindu. Accra, Ghana, wapo Waafrika Wahindu.

Upande wa pili, Wahindi wengi wa Afrika Mashariki ni Waismailia, Mabohora, Singasinga au Wagoa Wakristo. Mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda, dini haikuwaokoa, wala kuzaliwa Uganda hakukuwaokoa wengi.

Basi anayefuata mzigo asikisie kwa sura. Duka moja litafungwa Diwali, la jirani Idi. Ni heri kuuliza mapema kuliko kupoteza nauli.